Mruko Mmoja wa Mfalme

Jumatatu, 3 Septemba 2018

Hakuna jipya. Nimefungua dirisha jeusi kabla ya chai, nimeandika amri yangu moja, na kompyuta imejibu kwa mistari miwili. Toleo lililomo ndani: 2.4. Toleo linalongoja ghalani: 2.4. Ghala liko mbali, mtandaoni; namba zikifanana, hakuna kilicholetwa. Nikafunga, nikabandika maji.

Naulizia kifurushi kimoja tu. Kinaitwa chatrang, programu ya sataranji za pande hizi. Vingine vyote vilivyomo kwenye Linux yangu na vizeeke kwa amani. Mwaka juzi niliruhusu vyote vihuishwe kwa mkupuo, na kompyuta ikawa bubu, haitoi sauti hadi leo. Nilijifunza. Kwa umri wangu mtu hafumui kitambaa kizima kwa ajili ya uzi mmoja.

Haraka yangu niiandike, maana nisipoiandika nitajifanya sina. Kaka Samoeun, si wa damu bali wa ukimbizini, anarudi nyumbani. Battambang, nchini kwetu, kwa binti yake Mealea, mara baada ya sikukuu ya wahenga mwezi ujao. Karibu miaka arobaini tumeketi hapa Surin, upande huu wa mpaka — yeye na mkasi wake wa kinyozi, mimi na vitabu vya maktaba ya chuo, na ubao wa sataranji katikati. Sasa ubao itabidi uvuke mpaka. Tutacheza kwa kompyuta, yeye kule, mimi huku.

Shida ni hii: chatrang inacheza kama watu wa hapa. Kwetu, mfalme ana ruhusa ya kuruka kama farasi, mara moja tu katika maisha yake, ikiwa hajasogea bado wala hajashambuliwa. Mara moja! Mfalme wa kwenye programu hana ruhusa hiyo; anatambaa tu, nyumba hadi nyumba. Nilimwandikia mtunzaji wa programu, Iskandar wa Penang, nikamwomba mruko. Akajibu: Mama, nitauweka, nipe muda. Huo muda ndio ninaoupima kila asubuhi.

Alasiri nilikwenda kwa kinyozi, kwa Samoeun. Mzee Thongdam, muuza hariri, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa kitini, povu hadi masikioni.

"Mfalme gani anaruka kama chura?" akasema. "Mfalme anatembea. Chura ndiye anayeruka."

Samoeun alikuwa ameshika wembe juu ya koo lake. "Rudia, ndugu yangu. Polepole."

"Nasema — chura ni mnyama wa heshima sana."

Tulicheka hadi mteja aliyekuwa akingoja akaamua kuja kesho.

Alhamisi, 6 Septemba

2.4 na 2.4. Mvua.

Samoeun kanishinda, tena kwa mruko. Hakutamba. Alifuta miwani kwa taulo la wateja, akautazama ubao. Bora angetamba.

Jumapili, 9 Septemba

Hakuna toleo. Lakini kuna barua! Iskandar ni mtu makini. Amesoma, ameuliza, na amekuta swali ambalo mimi na Samoeun tumelizunguka tangu tungali kwenye kambi ya wakimbizi.

Swali: mashua ya adui — kete inayokwenda moja kwa moja — ikisimama kwenye mstari mmoja na mfalme, na katikati kuna samaki, kete yetu ndogo kuliko zote, amemkinga, je, mfalme bado anaweza kuruka? Hajashambuliwa. Anatazamwa tu.

Kwa baba yangu, karani wa posta wa Takeo, jibu lilikuwa ndiyo. Kwa kina Samoeun, hapana. Mfalme akishatazamwa na mashua, mruko umekufa.

Leo tulikuwa barazani kwangu, kwa hiyo tulicheza kwa sheria ya baba. Ndivyo tulivyoishi miaka yote hii: kwake kwa kinyozi ni sheria ya Battambang, kwangu ni sheria ya Takeo. Mgeni hufuata ya mwenyeji. Hatukuwahi kuketi tukakubaliana hivyo. Siku ya kwanza alipokuja kwangu alivua viatu, akakaa, akauliza, "Hapa mfalme wenu anaishije?" Ikawa ndiyo desturi.

Nilimsomea barua ya Iskandar.

"Mwambie ukweli," akasema. "Mwambie sheria ni yetu, nyinyi wa Takeo mlikosea."

"Kutazamwa si kushikwa, kaka."

"Mdogo wangu, ukitazamwa na mashua hulali. Asiyelala haruki."

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimeitunga sasa hivi. Lakini ni kweli."

Nilimpiga Ouk! — ndilo neno letu mfalme akishambuliwa — papo hapo, kwa farasi, na samaki wake wote wakitazama. Akadai nilimchanganya kwa barua.

Nimemwandikia Iskandar sheria zote mbili, kwa Kiingereza changu cha maktaba, nikiwa mwadilifu kadiri ya uwezo wangu. Ya kwetu niliitanguliza. Uadilifu una mipaka.

Jumatano, 12 Septemba

Iskandar anasema ataziweka zote mbili. Kabla ya mchezo, kila mchezaji ataona kisanduku na kuweka tiki kwenye sheria anayoitaka. Wakitofautiana, mchezo hauanzi.

Nilimpelekea Samoeun habari. Akauliza, "Huyo Iskandar ameoa?"

"Nitajuaje?"

"Hajaoa. Aliyeoa asingetengeneza kitu kinachongoja watu wawili wakubaliane."

Jumatatu, 17 Septemba

Limetoka! Iskandar ameandika mstari mmoja tu: Mama, 3.0 iko ghalani, mfalme wako anaruka.

Niliisoma nimesimama. Nikakaa, nikafungua dirisha jeusi, vidole vikikosea herufi. 2.4 na 2.4. Haidhuru. Kutoka Penang hadi hapa ni mbali, hata kwa vitu visivyo na miguu. Kesho.

Nimenunua ndizi za kukaanga, nikala zote peke yangu nikiwa nimesimama jikoni, kama msichana.

Jumanne, 18 Septemba

2.4 na 2.4.

Ijumaa, 21 Septemba

Bado. Nimeuliza asubuhi, mchana, na kabla ya kutoka. 2.4, 2.4. Sijamwandikia Iskandar, amekwisha kunifanyia wema mkubwa, na sitaki kumgongea mlango kama mdai.

Kwa kinyozi kiti cha pili hakipo tena. Kimenunuliwa na saluni ya ng'ambo ya soko. Mahali kilipokuwa pamebaki mduara wa sakafu safi, na kila anayeingia anaukwepa kana kwamba bado kuna mtu amekaa.

Mzee Thongdam akauliza kama mfalme wetu kafika. Nikasema bado. "Labda kapanda basi," akasema. "Angeruka angeshafika."

Samoeun hakucheka. Alikuwa akifagia nywele. Akasema bila kuinua uso kwamba toleo lisipokuja si neno, tutacheza kama wanavyocheza wa hapa, mfalme atembee. "Mtu huzoea."

Ni kweli, mtu huzoea. Tumezoea wimbo wao wa taifa wa saa mbili asubuhi, tumezoea herufi zao, tumezoea hata mwaka wa kalenda yao, ulio nyuma ya wetu kwa mmoja. Nimeolewa hapa, nimezika mume hapa, na majirani zangu ni watu wema. Silalamiki. Lakini hiki kimoja nilitaka tusikizoee. Mimi na yeye tukicheza bila mruko, tutakuwa wazee wawili wanaopitisha muda. Si sisi.

Jumapili, 23 Septemba

Lazima niandike haya ningali nacheka.

Upepo wa alfajiri uliangusha nguzo ya kona. Umeme hakuna. Mtandao hakuna, hata simu imebaki saa tu. Kompyuta ilikuwa na betri kidogo, na mimi, kwa mazoea tu, nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri yangu.

Ikajibu papo hapo. 2.4 na 2.4.

Nikaifunga. Nikasimama. Nikarudi, nikaifungua tena, nikaitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuambia habari za harusi ambayo hakwenda. Nani kakuambia? Mtandao umekatika! Ghalani umefikaje?

Haikufika. Haikufika leo, wala jana, wala juzi. Amri ziko mbili. Ya kwanza inakwenda ghalani kuleta orodha mpya. Ya pili inasoma orodha iliyomo nyumbani. Mimi, mwishoni mwa Agosti, niliiacha ile ya kwanza kwa sababu orodha ni ndefu, ina maelfu ya vifurushi nisivyovijua, na inakula bando. Nikabaki na ya pili. Tangu hapo kila asubuhi nimekuwa nikisoma gazeti la mwezi uliopita, kisha nakunja uso kwamba dunia haina habari!

Nilicheka peke yangu kwenye nyumba yenye giza hadi mbwa wa jirani akabweka. Mimi, niliyekaa maktaba miaka yote nikiwaambia wanafunzi waangalie kwanza tarehe ya kitabu.

Nikavaa mabuti, nikapita kwenye matope hadi kwa kinyozi. Samoeun alikuwa mlangoni akitoa maji kwa ndoo. Nilimweleza. Akasimama na ndoo yake mkononi.

"Kwa hiyo mfalme amefika?"

"Amefika tangu Jumatatu. Yuko nje, anangoja."

"Na mvua yote hii!" akasema. "Mdogo wangu, umemwacha mfalme nje kwenye mvua!"

Jumatatu, 24 Septemba

Umeme saa sita mchana. Mtandao saa saba na kitu. Bando zima nimelitoa sadaka.

Amri ya kwanza. Mistari ikaanza kushuka, mmoja mmoja, kama watu wazima wanaoshuka ngazi. Nilishika meza. Kisha amri ya pili:

Lililomo: 2.4.
Linalongoja: 3.0.

Nilipiga kelele. Jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama ni nyoka. Nikamwambia ni mfalme. Akarudi jikoni kwake, wananijua.

Nimekihuisha hicho kimoja tu, vingine sikuvigusa. Nikafungua ubao mpya. Nikamshika mfalme, nikamvuta. Alitoka nyuma ya samaki wake, akapita juu ya vichwa vyao, akatua. Hivyo tu. Hakuna tarumbeta. Nikaanza mchezo mpya, nikamrusha tena. Kisha tena. Mchana mzima sikucheza hata mchezo mmoja. Nimemrusha mfalme tu, huku na huku, nikisikia sauti ya baba akisema kama alivyosema sikuzote mfalme wake alipokwisha kuruka: Haya sasa, uko nje, jitegemee.

Nilimwandikia Iskandar shukrani ndefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Jumamosi, 29 Septemba

Mealea amempelekea baba yake kompyuta kwa mtu aliyevuka mpaka. Nimeiwekea chatrang leo pale kwa kinyozi, na Samoeun nimemfundisha amri zote mbili. Ameziandika kwenye kioo cha kunyolea kwa kalamu ya wino mzito, na juu yake akaandika kwa maneno yetu: KWANZA NENDA GHALANI, NDIPO UULIZE. Wateja wanadhani ni methali. Mmoja ameinakili.

Mzee Thongdam akaomba ajaribu. Akamrusha mfalme.

"Tena."

"Mara moja!" tukasema wote wawili.

"Mara mbili tu. Mimi mgeni."

"Mara moja, Mzee Thongdam. Hata mgeni."

"Basi chura wenu ana bahati mbaya," akasema, lakini alikuwa anatabasamu, na hakuondoka pale kwenye skrini.

Kisha tukataka kuanza mchezo, Samoeun kwenye yake na mimi kwenye yangu. Kisanduku kikatokea. Mfalme akitazamwa na mashua — aruke, asiruke? Kila mtu aweke tiki.

Nikasema tuko kwa kinyozi, ni sheria yako. Akasema sawa kwa leo, lakini nikiwa kule na wewe huku? Ubao utakuwa nyumbani kwa nani?

Hatukuwa tumeliwaza hilo. Miaka yote sheria ilitoka kwenye sakafu tuliyoikalia.

"Ni kwangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwandikia Iskandar."

"Ni kwangu. Mimi ndiye ninayesafiri, ninabeba ubao."

"Unabeba kompyuta."

"Na ndani yake kuna nini?"

Mzee Thongdam akapendekeza tucheze kwa sheria za hapa, mwenyeji wetu sote ni yeye. Tulimtoa nje. Hatukucheza. Nilimwambia Samoeun, ukifika tutaona. Akasema, tutaona, na mwenye akili atakubali. Nikasema ndiyo, wewe.

Jumanne, 9 Oktoba

Sikukuu ya wahenga. Tangu juzi nyumba nzima inanuka majani ya migomba. Nimefunga wali wa kunata na ndizi, nimefunga na nyama, vidole vimevimba. Hekaluni nimewaita kwa majina. Baba, mama, wadogo zangu wawili. Sijui walikolala, kwa hiyo huwa nawaelekeza njia: vukeni mpaka, mfuate reli, nyumba yenye baraza la buluu.

Samoeun aliwaita wake kando yangu. Nilimsikia akiwaambia wasije hapa mwakani. "Mmenifuata huku miaka yote," akasema. "Mwakani nitawakuta hukohuko. Pumzisheni miguu."

Kisha tukala sana. Mzee Thongdam alileta samaki wa kuchoma, mkubwa kiasi kwamba Samoeun alimuuliza anahesabiwa kama kete gani.

Alhamisi, 11 Oktoba

Ameondoka.

Tulimsindikiza hadi mpakani, Chong Chom, kwa pikapu ya Mzee Thongdam. Begi moja, mkasi wake ndani ya kitambaa, kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Ubao wa mbao ameniachia mimi, na kete zake zote. Mealea alikuwa upande wa pili wa lango, akipunga mkono kabla hata hajatuona vizuri.

Nilimwambia, "Haya, kaka. Ruka."

Akatikisa kichwa. "Mruko ni mmoja. Mimi wangu niliutumia kuja huku."

"Basi leo ni nini?"

"Leo natembea. Hatua moja moja, kama mtu mzima."

Akatembea. Hakugeuka hadi alipofika kwa binti yake, na alipogeuka alipaza sauti kwa nguvu zote hadi askari akashtuka: "Nenda ghalani kwanza!"

Mzee Thongdam alisema kuna vumbi. Hakukuwa na vumbi; mvua ilinyesha usiku kucha. Njiani akauliza nani sasa atamtishia kwa wembe. Nikamwambia ninayo mikasi ya kukatia karatasi. Akasema itafaa.

Nilidhani nitalia nikifika nyumbani. Nimelala kama gogo.

Jumapili, 14 Oktoba

Miadi saa tatu asubuhi. Saa mbili nilikuwa nimeshakaa, nimechana nywele, nimevaa blauzi ya sikukuu — kwa ajili ya nani, sijui.

Amri ya kwanza, kisha ya pili. Lililomo 3.0, linalongoja 3.0. Namba zimefanana. Kumbe mistari hiyohiyo iliyokuwa ikiniuma inaweza kumfurahisha mtu.

Saa tatu kasoro jina lake likawaka kijani. Samoeun, Battambang. Nilisoma neno hilo la pili mara kadhaa. Limeandikwa tu, kama jina la mahali popote, mahali ambapo mtu anaishi.

Kisanduku kikatokea. Mfalme akitazamwa na mashua — aruke, asiruke?

Tangu Alhamisi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja. Nilikuwa na baba. Lakini nikamfikiria amekaa kwenye sakafu ya nyumba ya watu wake, amevua viatu kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hii bila kuuliza mfalme wa hapo anaishije. Ni nyumba yake. Ana haki ya kuwa mwenyeji. Nikaweka tiki kwenye sheria ya Battambang: asiruke. Baba atanisamehe, mgeni hufuata ya mwenyeji.

Kompyuta ikafikiri kidogo. Kisha ikaandika: Wachezaji hawajakubaliana.

Niliitazama. Nikakagua tiki yangu. Iko palepale, kwenye sheria yake. Basi yake iko wapi?

Kwenye yangu. Mzee yule mkaidi, aliyeapa mbele ya Mzee Thongdam kwamba watu wa Takeo walikosea tangu enzi za mababu, ameweka tiki kwenye sheria ya baba yangu. Amevua viatu barazani kwangu, kutoka Battambang!

Simu ikalia. Ujumbe wa Mealea: Shangazi, baba anacheka peke yake mbele ya kompyuta na hataki kusema kuna nini. Chai yake inapoa. Mmeanza?

Nimemjibu bado.

Mmoja wetu akibadili sasa, mchezo utaanza. Tukibadili wote wawili, tutapishana tena, kama watu wawili mlangoni. Nimeweka mikono mapajani. Jina lake bado linawaka. Hagusi kitu. Namjua — naye ameweka mikono mapajani, ananingoja niingie kwanza.